Kaptula Yenye Mstari

Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu,

Sikupigii simu kwa makusudi. Kwenye simu unanichekesha mpaka nasahau nilichopiga kuuliza, halafu salio linakata na mimi bado nacheka. Kwa hiyo niandikie, nami nitakuandikia, barua ziende na basi la asubuhi kama vifurushi vingine.

Habari ni hii. Nimepewa likizo. Wiki mbili nzima, mwezi wa tano. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye meza ileile ya kupigia pasi, na likizo zangu zote zilikuwa za misiba na kuuguza. Safari hii hakuna aliyekufa wala anayeumwa, na bosi kasaini kabla sijamaliza kuomba. Nadhani alishtuka.

Nataka kuja kupanda mawimbi. Usicheke. Ile picha yako, umesimama juu ya ubao, mikono umeitanua, bahari nyuma yako, niliibandika ukutani juu ya meza yangu siku uliponitumia, na huu ni mwaka wa nne. Kila shuka ninalonyoosha nakuona. Wateja wakija kuchukua nguo wananiuliza yule nani, nawaambia ni mdogo wangu, mwalimu wa mawimbi huko pwani, mgongo uliombeba akiwa mtoto ni huu hapa. Juzi nikajiuliza, kwa nini niishie kuangalia?

Mama Pacha anakuja pia. Ndiye anayekunja mashuka meza ya pili, ulimi wake unaujua kwa barua zangu.

Basi tupangie. Sehemu tatu hivi za pwani, vyumba vya bei ya watu wanaosimama kutwa, na maji ya vuguvugu maana mifupa ya Mama Pacha haitaki baridi. Mimi naogelea kidogo, kama tulivyokuwa tunaogelea bwawani, mimi ndani na wewe umekaa ukingoni unalinda nguo. Swali moja: mtu wa mwili wangu, miaka arobaini na sita, ubao unambeba? Usinionee huruma, niambie kweli.

Dada yako


Tarehe 5 Machi

Dada yangu mwenye mgongo,

Mimi mzima, meno yote yapo, ila jua limenichoma mpaka jana mteja kaniegemezea baiskeli akidhani mimi ni ukuta. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kuhusu mwili usiwe na wasiwasi. Ubao hauna macho. Kuna ubao mrefu kama mlango wa ukumbi, ule unabeba friji pamoja na aliyelinunua. Wewe utakaa juu yake kama bibi harusi kwenye gari la kukodi. Mama Pacha tutamtafutia wa kwake, na ulimi wake tutaukatia tiketi ya mzigo.

Mpango ni huu. Basi lenu likishuka kutoka bara linagusa kwanza ufukwe wa kona, huko mwisho kabisa. Msishuke. Kaeni humohumo saa nne zaidi mpaka hapa kwangu, ufukwe wa mnara. Hapa siku nne, maji vuguvugu kama ulivyoomba. Mtalala kwa mama mmoja mwenye vyumba vya bei ya chini, feni yake inazunguka akiwa na furaha tu, kwa hiyo msimuudhi. Njooni na birika lenu la chai na mashuka yenu, ninyi mashuka hamkosi. Kisha ufukwe wa kiwanda, palipokuwa na kiwanda cha barafu, siku mbili zinatosha. Mwisho turudi kona, siku nne za raha, halafu basi linawachukua hapohapo.

Hii pwani naijua kama mfuko wangu wenye tundu. Mnara, wimbi lake linagonga pua ya ubao. Kiwanda, linang'oa mapezi yale ya chini. Lakini kona, dada, kona ni mtoto mchanga amelala. Wimbi lake halijawahi kumdhuru mtu. Nimekaa pale wiki nzima, asubuhi napanda, jioni napanda, sijachubuka hata kucha. Kwa mtu anayeanza hakuna pengine.

Mdogo wako,
Kapteni wa Mawimbi


Tarehe 16 Machi

Kapteni,

Hapa kazi haifanyiki tena. Mchana wakati wa kula nalala kifudifudi juu ya meza ya pasi, Mama Pacha anapiga makofi, nami nainuka kwa mpigo mmoja nisimame kama wewe kwenye picha. Jana bosi aliingia akanikuta nimechuchumaa juu ya meza mikono hewani. Akatoka nje, akabisha hodi, akaingia upya.

Nguo za kuogelea tumeshona wenyewe kwa vitambaa vya sare za zamani. Tutaonekana kama wauguzi waliopotea njia.

Mama Pacha ana maneno yake kuhusu picha yako, lakini hayo sitayaandika, nimeshamjibu.

Ule ufukwe wa kona ndio unaonikaa kichwani. Niambie vizuri, kama unavyowafundisha watu wako. Mtu anaingia saa ngapi? Maji yakiwa yamejaa au yakiwa yamepungua? Nimeiweka barua yako ndani ya mfuko wa sare, naisoma foleni ya choo.

Dada yako


Tarehe 24 Machi

Dada,

Swali zuri, wanafunzi wangu wengi hawaulizi hilo mpaka wameshakunywa nusu ya bahari.

Maji yakiwa yamepungua ndiyo vizuri. Fikiria mwenyewe: maji machache, ukianguka unasimama, unajipangusa, unaomba chai. Maji yakijaa ni marefu, utaanza kunitafuta. Kwa hiyo pale kona subiri yapungue, ingia taratibu, lala juu ya ubao, wimbi likikusukuma mgongoni inuka kama ulivyoinuka mbele ya bosi. Mimi nitakuwa kando nimekunja mikono, sina hata la kufanya.

Mwambie Mama Pacha maneno kuhusu picha ayalete mwenyewe, nitamjibu juu ya maji.

Kapteni


Tarehe 16 Aprili
(Hii niliiandika nikaifunga, sikuituma.)

Dada,

Leo naandika bila utani, kwa hiyo mwandiko huenda usiutambue.

Mimi si mwalimu wa mawimbi. Mimi ni fundi. Mbao zikiumia wanaleta kwangu, nazipiga msasa, naziwekea kitambaa cha faiba na gundi, zinarudi majini na mimi nabaki nchi kavu. Hapa ufukweni hakuna anayenijua kwa jina, wananiita Gundi. Miaka saba. Baharini nimeingia mara moja tu, mwezi wa kwanza, maji yakafika kiunoni, likaja wimbi likanipindua mbele ya watu, nikatoka nimevaa nusu ya nguo nilizoingia nazo. Sijarudi.

Yote niliyokwambia kuhusu fukwe nimeyasoma kwenye majeraha. Ubao wa kutoka mnara unakuja umevunjika pua. Wa kiwanda unakuja hauna mapezi. Wa kutoka kona haujawahi kuja. Miaka saba, hata mkwaruzo mmoja. Nikasema basi huko ni salama, hata kichwani kwangu ilikuwa hesabu safi.

Leo mchana kaja Mrefu, mwanamke anayefundisha kweli hapa, mwalimu wa kweli. Kaja na ubao uliokatika katikati, anataka nimfungulie mapezi tu, vipande atupe. Nikamuuliza wapi. Akasema kona. Nikasema haiwezekani, kona mbao haziumii, sijawahi kuletewa hata moja. Akacheka mpaka akakalia kopo langu la gundi. Akasema, "Gundi, haziletwi kwa sababu hazirudi. Kona ubao ukigusa jiwe unakatika vipande viwili. Nani akuletee kuni?" Kisha akaacha kucheka akaniambia maji yakipungua mawe yote yako palepale chini ya maji, yamelala kama meno, juu huyaoni. Kwamba mtu asiyejua akiingia saa hiyo anaokotwa.

Na mimi nimekuandikia uingie saa hiyohiyo.

Usiende kona. Tafadhali dada. Na hiyo picha


Tarehe 18 Aprili

Dada yangu,

Habari za mashuka? Huku shwari, jua limepata kazi ya kudumu.

Nimefikiria upya, naona turuke ufukwe wa kona. Si kwamba kuna kitu. Ni upepo tu, mwezi wa tano upepo wa pale unakuwa na tabia mbaya, halafu watu wanakuwa wengi, wapandaji wakubwawakubwa, wanaangaliana sana, mtu anayeanza anaweza asijisikie vizuri. Kaeni hapa mnara siku zote, mtembee, mpige picha, si lazima hata kuingia majini. Mnaweza kukaa tu mchangani mkapunga upepo. Kwa umri wenu hiyo nayo ni likizo.

Usinielewe vibaya.

Kapteni


Tarehe 27 Aprili

Mdogo wangu,

Barua nimepata. Nimeelewa.

Usihangaike na kona, tutafanya unavyosema. Ila tutachelewa kidogo, kuna hoteli imeleta mapazia yake yote kwa mkupuo, kwa hiyo usitusubiri tarehe nane. Tusubiri kumi na moja.

Zile nguo tulizoshona nimeziongeza urefu.

Dada yako


Tarehe 10 Mei

Wewe,

Mwandiko huu si wa dada yako, ni wa Mama Pacha. Dada yako hawezi kushika kalamu. Yuko hai, nimeanza na hilo kwa sababu mimi nina adabu.

Tuko ufukwe wa kona tangu juzi. Hakukuwa na mapazia ya hoteli yoyote. Dada yako alisema tushuke huku kwanza, siku tatu, ajifunze kidogo kabla hujamwona. Jana asubuhi tukaazima ubao kwa baba mwenye nyumba ya wageni. Akatuuliza, mnajua? Dada yako akasema mdogo wangu ni mwalimu. Yule baba akasema sawa, lakini subirini maji yajae. Hapo dada yako akatoa barua yako mfukoni, akamsomea kwa sauti, pale unaposema maji yakiwa yamepungua ndiyo vizuri. Yule baba akakuna kichwa akasema, basi kama mwalimu ameandika, mimi ni nani.

Alisimama. Nataka ulijue hilo. Wimbi la tatu alisimama juu ya ubao, kama unavyohesabu moja mbili, akageuka kuniangalia. Kisha ubao ukagonga jiwe.

Kavunjika mfupa wa mbele ya bega, ule unaoshika shingo, upande wa kulia. Paja limechanika, limeshonwa. Daktari kasema wiki sita asinyanyue hata sahani. Unajua pasi yetu ina uzito gani? Na unajua bosi wetu akiona meza imekaa tupu likizo ikiwa imeisha anafanya nini?

Hajakusema vibaya. Mimi ndiye ninayekusema, kutwa nzima, na yeye ananiambia ninyamaze. Kasema usije. Hataki umwone hivi. Nimemuuliza hivi vipi, kageukia ukutani.

Barua hii nampa kondakta akukabidhi mkononi. Akikukuta juu ya bahari atakusubiri.

Mama Pacha


Tarehe 11 Mei

Dada,

Barua hii anakuletea Mrefu. Anakuja na gari lake, nyuma kaweka godoro, ameahidi kuendesha kama amebeba mayai. Atakuleta chumbani kwangu, ufunguo anao. Pamoja na hii nimefunga nyingine ya tarehe kumi na sita mwezi uliopita. Isome hiyo kwanza. Haijaisha, iliishia kwenye picha, nitaimalizia hapa.

Picha ni ya mchangani. Tulirundika mchanga, tukaweka ubao juu yake, ubao wa mteja, ulikuwa umekuja kushonwa pua. Mrefu akalala chini akapiga kutoka chini kwenda juu ili kirundo kisionekane. Kaptula ilikuwa mpya, niliipiga pasi kwa jirani. Nilituma kwa mzaha dada, nilitaka ucheke halafu niseme. Ukajibu umeibandika ukutani. Nikasema nitasema barua ijayo. Ya kwanza nilichelewa, ya pili niliona haya, ya tatu nikaanza kuwa na wanafunzi.

Ile ya tarehe kumi na sita niliifunga nikaenda nayo mpaka kwenye basi. Kondakta akanyoosha mkono. Nikamwambia naomba ndizi. Alikuwa hauzi ndizi. Nikarudi nayo nyumbani, nikaandika ile nyingine ya upepo. Halafu nikaazima simu ya jirani mara mbili, namba ya ofisi yenu ninayo kichwani, nikakata kabla haijaita. Ningesema tu maneno matatu, "kona ina mawe," ungenielewa. Lakini ungeuliza, si ulikaa pale wiki nzima? Nikaona bora upepo.

Yaani niliona bora wewe uingie kwenye mawe kuliko wewe ujue mimi ni nani. Nimeliandika hivyo ili nilione. Nimelitazama muda mrefu, halina mahali pa kuchekea, nimetafuta.

Ukifika kwangu mimi sitakuwepo. Nitakuwa nimepanda basi kwenda kwenu bara. Mama Pacha nitamkuta stendi ya kona, turudi wote leo, amwambie bosi wako kuna mtu atasimama kwenye meza yako mpaka mfupa ushike. Kupiga pasi najua, hiyo ndiyo sehemu pekee ya picha ambayo si uongo. Mshahara ni wako. Usidhani ni uzuri wa moyo. Nusu naenda kukushikia kazi, nusu nakwepa kukutazama usoni, na sijui ipi ni kubwa.

Dawa zako Mrefu anajua. Birika liko nyuma ya makopo, limeandikwa gundi lakini ni birika.

Gundi


Tarehe 21 Mei

Mdogo wangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana ni fupi. Usidhani hasira nayo ni fupi.

Barua zote mbili nimesoma. Ile ya kwanza, ungeitupa kwa kondakta, basi. Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa.

Nikwambie kitu kuhusu picha. Siku ilipofika, Mama Pacha aliiangalia akasema, kaptula hii ina mstari wa pasi. Nguo iliyoingia baharini haina mstari, maji ya chumvi yanaula kabla hujafika magotini. Nikamwambia mdogo wangu ni mtanashati. Hatukusemeshana siku tatu. Lakini mimi mstari nilikuwa nimeuona kabla yake. Nilikuwa sijatoa picha yote kwenye bahasha. Miaka kumi na tisa ninatia mistari kwenye kaptula za watu, ningeukosa? Nikachagua utanashati. Halafu nikawaambia wateja.

Na ulipoandika nisiende kona, nisiingie majini, nikae mchangani kwa umri wangu, mimi nilielewa umenionea haya. Mwanamke mnene mwenye sare ya kushona, anaanguka mbele ya watu wako, wanakuuliza huyu nani. Ndiyo maana nikadanganya mapazia. Nilitaka nikajifunze kuanguka mahali usiponiona, nikifika kwako nisikuaibishe.

Sasa nimelala kwenye kitanda chako. Ukutani kuna mbao kumi na moja. Sina la kufanya kutwa, nazitazama. Jana niliinuka nikapitisha kidole juu ya viraka vyako, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta vinapoanzia. Kwa kidole changu, mimi ninayeona uzi mmoja uliokunjika kwenye shuka. Sikupata. Watu wanakuja kuzichukua, wananiambia wanavuka fukwe mbili kumtafuta Gundi, na mafundi wengine wapo. Nikawa nawasikiliza kama watu wanaomsema mtu nisiyemjua.

Kwa nini hukuniandikia hivi?

Picha usiitoe ukutani. Nakujua, umeshafikiria.

Dada yako


Tarehe 1 Juni

Dada,

Nimeshafikiria siku ya kwanza, nilikuwa nimeshang'oa kona moja. Barua yako ikaja, nikaibandika tena kwa gundi yangu mwenyewe. Sasa haitoki mpaka jengo lianguke.

Huku mimi ni mtu wa pili kutoka chini. Wa chini kabisa ni ndoo. Mama Pacha ananiamuru kwa nyusi. Wiki ya kwanza hakusema nami neno, alikuwa anakunja shuka analipiga kofi, na kila kofi nilijua ni la nani. Wiki ya pili akasema, "Kola inaanzia nchani, kapteni." Nikafurahi kama nimepandishwa cheo.

Wateja ndio adhabu. Wanaingia, wanaangalia ukutani, wananiangalia mimi, wanaangalia ukutani. Kuna mzee mmoja wa mashati meupe, inaelekea umemsimulia sana. Akaniuliza kwa heshima zote, "Ndiwe yule wa mawimbi?" Nilikuwa na majibu sita ya kuchekesha, yamejipanga mlangoni. Nikamwambia ndimi, ila hapo nimesimama mchangani, na bahari naiogopa, na dada yangu kaumia kwa sababu nilisema siiogopi. Akachukua mashati yake akatoka. Juzi karudi, kaniletea mashati mengine, kaniuliza mfupa wa dada unaendeleaje. Hilo tu. Nikageuka nikapiga pasi mahali ambapo hapakuwa na nguo.

Sasa kila anayeuliza namwambia vilevile. Hakuzoeleki. Masikio yanapata moto kuliko pasi. Foronya moja nimeiunguza, nikaenda mwenyewe kwa bosi kabla harufu haijanitangulia. Naanza na ukweli mdogomdogo, mkubwa bado unanipa kizunguzungu.

Umeniuliza kwa nini sikukuandikia kuhusu viraka. Ni hivi. Wewe ulinibeba, ukaniachia niondoke nikawe mtu. Nilidhani unataka mtu aliyesimama juu ya kitu, mikono kaitanua. Si mtu aliyepiga magoti kutwa nzima na msasa, nywele zimejaa vumbi la mbao za wengine. Kumbe wewe mwenyewe umeinama miaka kumi na tisa, na mimi kila siku nilikuwa najisifia dada yangu mpiga pasi kwa watu huko. Sikuunganisha. Shule niliacha mapema, unakumbuka.

Mgongo wako, dada. Nimesimama hapa wiki tatu tu na siwezi kuinuka sawasawa. Samahani nimeandika mara nane kwenye karatasi nyingine, kila nikilisoma naliona dogo. Nakuletea mwenyewe.

Mfupa ukishika nitakuja kukuchukua, na nitashuka kwenye basi mchana kweupe ukiwa umesimama unaniona. Na majini nitaingia. Kifundo cha mguu nakuahidi. Goti sijaahidi.

Gundi


Tarehe 9 Juni

Gundi,

Mkono umeanza kufunguka, naandika huku nimeuegemeza kwenye mto wa kitanda. Daktari kasema wiki mbili zaidi.

Bado nina hasira, inakuja asubuhi ninapovaa nguo na bega linakataa. Ikifika saa nne inapungua, maana watu wanakuja na mbao zao na inabidi niwaambie umesafiri, na wanasikitika, na mimi nabaki nawatuliza. Mtu anayekuaibisha unamtetea vipi kwa wageni saa nne asubuhi? Ndiyo kazi yangu ya sasa.

Jana Mrefu alinishika mkono mzuri tukaingia majini hapa mnara, maji yamejaa, mpaka magotini. Vuguvugu, kama ulivyosema. Hilo hukudanganya.

Kitu kimoja. Nilikuwa natafuta taulo kwenye sanduku lako, nikaikuta ile kaptula. Imekunjwa vizuri, mstari uleule, unaweza kukatia mkate. Miaka minne hujaivaa tena.

Niliingia nayo. Nikaiachia majini, wimbi likaichukua, Mrefu akaikimbilia, likaja lingine tukaiosha tena. Nimeianika kwenye kamba ya dirisha lako. Imekauka ngumu, ina chumvi nyeupe kila mahali, na mstari hauonekani hata ukiitazama kwenye mwanga.

Utakapokuja utaikuta kitandani. Usiipige pasi.

Dada yako